Wimbo unaotamba si lazima upendwe: vijana wa Mbeya, kila mtu na sikio lake, utamaduni wetu ni upi?

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo vipi. Uzi ni mrefu. Naandika nikiwa dukani Kabwe, mvua inanyesha na wateja hakuna.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwenye mahafali ya mdogo wangu hapa Mbeya. Mgeni rasmi akasimama, akasema kizazi hiki hakina utamaduni. Kila kijana na simu yake, hedifoni masikioni, huyu anasikiliza cha kwake na yule cha kwake, hakuna kinachowaunganisha. Ukumbi ukapiga makofi. Wazazi walipiga makofi, na wahitimu wenyewe wakapiga makofi. Hao wahitimu ndio walioniumiza, maana mimi nimeona kinyume chake kwa macho yangu, kwa miaka.

Kabla ya hii steshenari nilikuwa na kibanda Mwanjelwa cha kujaza nyimbo. Waliokuwepo enzi hizo watakumbuka: unakuja na memori kadi yako, unalipa, unajaziwa, unaondoka. Kompyuta moja, spika mbili zimeelekezwa barabarani. Kwenye kompyuta mafaili yalipangwa hivi: Bongo Fleva, Injili, Kwaya, Bolingo, Zambia, Rege, Taarabu, Zilipendwa, na baadaye nikaongeza Singeli. La mwisho liliitwa Mchanganyiko.

Mtu akikaa pale siku moja angekubaliana na mgeni rasmi. Konda wa daladala ya Uyole alitaka rege tupu. Binti wa mama lishe wa jirani alitaka kwaya za Kimoraviani, halafu nyimbo za Kizambia alizozoea kwa shangazi yake Tunduma. Kulikuwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, yeye ni rapu ya Marekani tu, jina la msanii wa Bongo hataki hata kuliona kwenye orodha. Hakuna wawili waliobeba kadi inayofanana.

Lakini nikishamaliza kumjazia mtu vyake, karibu kila mmoja alisema maneno yale yale: "Na zile zinazotamba, niwekee mbili tatu." Siku moja nikamuuliza yule wa rapu, za nini na wewe huzipendi? Akanijibu, "Dada, sasa nitaongea nini na watu?"

Jibu lile sijalisahau. Nadhani ndiyo maana yenyewe ya hiki wasomi wanachokiita utamaduni pendwa, yaani ule wa watu wa kawaida mtaani, kama wanavyosema fasihi pendwa. Hilo neno "pendwa" linatupoteza. Linatufanya tuhesabu nani anapenda nini, tukikuta kila mtu anapenda chake tunasema basi, utamaduni haupo. Mtaani hatusemi hivyo. Wimbo ukiwa moto hatusemi unapendwa, tunasema unatamba. Na kutamba ni kutembea huku na huku kwa maringo. Ndilo neno la mtambaji wa hadithi pia. Wimbo unaotamba unaingia hata kwa asiyeualika: kwenye bajaji, kwa kinyozi, dirishani kwa jirani. Unaujua kiitikio chake hata kama unauchukia.

Sasa angalieni tunavyoziita za zamani: zilipendwa. Mapenzi tunayahesabu baadaye, wimbo ukishapoa na waliougombania wakishazeeka. Kiswahili chenyewe kilishatenganisha mambo haya mawili, kutamba na kupendwa, na mgeni rasmi ameyachanganya.

Niwape mfano wa pili, wa mavazi. Nendeni Mwanjelwa asubuhi mapema, mwezi wa sita, belo la makoti ya mitumba linafunguliwa. Baridi ya Mbeya mnaijua, mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, koti si urembo. Muuzaji anakata mikanda, mzigo unafumuka, mikono ishirini inaingia kwa pamoja. Huyu anavuta koti la jinzi, yule la ngozi lililochubuka viwiko. Binti mmoja nilimwona amechukua sweta la kiume, kubwa, linamfika magotini. Wenzake wakamcheka. Akalipeleka kwa fundi pale pale nyuma, akalipunguza mabega tu, urefu akauacha. Wiki mbili baadaye nimewahesabu mabinti watano Kabwe na masweta ya kiume, na hakuna lililofanana na jingine, rangi mbalimbali, mmoja kalifunga mkanda, mwingine kakunja mikono.

Hebu niambieni, hapo ladha ya mtu binafsi imeishia wapi na ya wote imeanzia wapi? Mimi siwezi kuchora mstari. Belo ni moja, kila mtu kachagua chake, na namna ya kuchagua wanaibiana.

Na kama mnataka jambo lililowakusanya wote, kumbukeni msimu wa 2013/14. Mbeya City imepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na inamaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Jiji lilivaa zambarau. Mtu wa kwaya, mtu wa rege, mama wa ndizi Sokomatola, wote zambarau. Wengi wao walikuwa bado ni Simba au Yanga moyoni. Hawakuacha wanachopenda, waliongeza.

Karibuni, naomba hoja. Anayepinga apinge kwa mifano.

Mdau wa Tukuyu:

Ugonile dada. Umenigusa. Nataka niongeze jambo ambalo vijana wengi wa Rungwe hawalijui tena. Zamani mvulana wa Kinyakyusa akifika miaka kumi hivi aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika walikwenda kando wakajenga vibanda vyao, kijiji chao. Chakula walikula kwa mama zao, wakizunguka kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwetu miaka ya 1930, waliandika sana kuhusu vijiji hivi vya rika, na neno waliloliwekea uzito ni ukwangala, yaani kukaa na wenzako wa rika kwa raha, kuongea, kula pamoja, kusaidiana. Mtu aliyekosa ukwangala alihesabiwa hajakomaa akili.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba vijana wamejitenga na wakubwa, huku kwetu kujitenga kulikuwa ndiyo malezi.

Mwenye uzi:

Ndaga fijo kaka yangu. Umenipa neno nililokuwa nalitafuta. Na ukwangala hauwalazimishi wote kupenda kitu kimoja, unataka muwe na la kuongea. Yule mwanafunzi wa rapu aliogopa kukosa ukwangala.

Mdau wa Ludewa, kando ya ziwa:

Mmesahau mganda. Huku ziwani wazee wanausema kama urithi wa mababu, na ni urithi kweli. Ila asili yake ni beni, ngoma iliyoanzia pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vijana wakiiga bendi za brasi za wazungu. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ikaenea bara na askari waliorudi. Huku tarumbeta za shaba hatukuwa nazo, tukatengeneza vya kupuliza kwa vibuyu. Mpaka leo wachezaji wanajipanga mistari kama gwaride, kaptula nyeupe zimepigwa pasi, na kuna vyeo. Wakati ule wapo wakubwa walioona ni uhuni wa vijana. Miaka mia baadaye wajukuu wanaambiwa acheni simu, chezeni mganda.

Mzee wa Iringa:

Kamwene. Nimesoma yote. Mimi ni kijana wa miaka ya sabini, nimevaa bugaluu, suruali pana chini, nikipita Miyomboni na nimefukuzwa nyumbani kwa sababu yake. Naomba niwakumbushe kidogo. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana alisikitika kwamba wasomi wetu wanajua kucheza dansi za kizungu lakini ngoma zetu kama gombe sugu na mangala hawazijui. Alikuwa na haki, tulikuwa tumefundishwa kujidharau. Lakini baadaye ikaja Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana marufuku. Dada zetu walisumbuliwa barabarani kwa ajili ya sketi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nilishangilia. Nilikuwa mdogo, nilidhani ndiyo kujenga taifa.

Binti yangu, usimlaumu sana mgeni rasmi. Sisi tulisikiliza redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, hadi redio za binafsi zilipoingia mwaka 1994. Wimbo ukipigwa mchana wa salamu, nchi nzima imeusikia. Mtu aliyekulia hapo akiona kila mtoto na simu yake anahisi upweke kwa niaba yao.

Mwenye uzi:

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa kusema hilo la sketi, si wengi wanaokubali. Kuhusu upweke, nimekaa na neno lako tangu jana usiku. Inawezekana kweli alikuwa anatuonea huruma na mimi nimesikia dharau.

Dada wa Mafinga:

Mimi napinga, na mifano ninayo. Dada umeandika kibanda cha nyimbo, daladala, mpira. Wazee nao wameleta vijiji vya wavulana. Wasichana wako wapi? Kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video na mpira, mimi sijawahi kuingia, ningeingia ningesemwa. Zile "zinazotamba" zilikuwa zinatamba barabarani, na barabara ni ya wanaume.

Mimi ni msusi. Kichwa cha rasta nyembamba kinanichukua saa tano, sita. Wanakaa wanne watano, wanasukwa au wanasubiri zamu, na simu moja imeegemezwa kwenye kopo la mafuta inaonyesha tamthilia ya Kikorea au ya Kituruki iliyotafsiriwa. Mteja akitoka anarudi wiki ya tatu kufumua, anauliza "yule kaka aliolewa na nani", na tunacheka kwamba kaka haolewi, anaoa. Mitindo ya nywele ina majina tuliyoyakuta, kama twende kilioni, na mengine tunayatoa wenyewe kwa mhusika wa tamthilia. Hakuna redio itakayokuambia hayo, na mgeni rasmi hatayaona. Ukiandika utamaduni wa vijana bila saluni umeandika nusu.

Mwenye uzi:

Dada, umenishika pabaya na nakubali. Nimerudi kichwani kwenye kibanda changu kuhesabu: mabinti walikuja, lakini wengi walituma kaka zao na karatasi iliyokunjwa yenye majina ya nyimbo. Nilikuwa nasoma karatasi zile kama oda tu, sikujiuliza kwa nini mwenyewe hajaja. Mimi mwanamke, nimekaa barabarani miaka yote ile, nikasahau kwamba kukaa kwangu pale hakukuwa jambo la kawaida.

Hilo la kopo la mafuta nimelipenda sana. Naomba unieleze zaidi: hao wanne watano, tamthilia anachagua nani?

Dada wa Mafinga:

Anayesukwa. Kichwa chake kimeshikwa, hawezi kwenda popote, basi tunampa haki hiyo. Anayesubiri anavumilia, na mwisho wa siku anaifuata na yeye. Nimempata hivyo shabiki wa tamthilia za Kituruki ambaye alikuwa anazitukana mwezi mzima.

Kijana wa Kihesa, Iringa:

Dada shikamoo. Nasoma chuo hapa Iringa, chumbani tuko wanne. Mimi naangalia katuni za Kijapani. Wa pili ni amapiano tangu asubuhi. Wa tatu kwaya, anaimba yeye mwenyewe Jumapili. Wa nne sijui, hatoi hedifoni. Hoja yako ya "zinazotamba" ilifaa wakati wa memori kadi, kwa sababu kompyuta ilikuwa moja na spika zilikuwa barabarani, wote mlisikia. Sasa TikTok inamchagulia kila mtu. Kinachotamba kwenye simu yangu mwenzangu wa kitanda cha juu hajawahi kukiona. Sasa tutaongea nini?

Mwenye uzi:

Marahaba mdogo wangu. Hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote na sitaki kukujibu haraka haraka. Ni kweli, barabara ilikuwa moja, sasa ziko nyingi mno. Wimbo mzima kutamba nchi nzima kama zamani imekuwa kazi. Ila naona vitu vidogo vinatembea kuliko zamani: neno moja, hatua moja ya kucheza, sekunde kumi na tano za kiitikio. Watoto wa darasa la nne hapa jirani na duka langu wanacheza mitindo ya singeli, muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, na nyumbani kwao hauchezwi kabisa, baba ni mzee wa kanisa. Wameutoa wapi? Kwa wenzao, uwanjani, mtu kwa mtu.

Nikuulize na wewe. Mwezi huu umesema neno gani jipya ambalo hukulitoa kwenye katuni zako?

Kijana wa Kihesa, Iringa:

Nimefikiri. Kuna msemo tunautumia wote wanne, kila mtu akichelewa kulipa mchango wa gesi anaambiwa. Tumekumbushana usiku huu, umetoka kwa wa nne, yule wa hedifoni. Hatukujua kama ndiye aliyeuleta.

Mdau wa Soweto, Mbeya:

Wakuu mnaongea vizuri lakini mnasahau pesa. Kutamba kunanunuliwa. Msanii mwenye mtaji anawekwa kila mahali mpaka umkariri. Huo nao mtauita utamaduni wetu?

Mwenye uzi:

Kweli kaka, mlango unanunuliwa. Lakini nimekuwa muuzaji, nakuambia nilichokiona: kuna nyimbo zilipigwa kila redio mwezi mzima na pale kibandani hakuna aliyeziomba, hata mmoja. Na kuna za vijana wa hapa hapa, zimerekodiwa chumbani, ziliombwa mpaka Mbarali. Pesa inakufikisha masikioni mwa watu, lakini kuomba anaomba mwenyewe. Tena Mbeya tusijidharau katika hili. Sugu alipochaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, wapo walioshangaa mwanarap anaingia Bungeni. Sisi hatukushangaa. Rayvanny naye amezaliwa hapa, mwaka 2017 akachukua tuzo ya BET kule Marekani. Wote walianza kwa kutamba mtaani kwa watu ambao hawakuwa wamewaalika.

Mwenye uzi (mrejesho, siku sita baadaye):

Wadau, narudi na mrejesho. Jumamosi tulikuwa Tukuyu kwenye sendofu ya binti wa baba mdogo. Nikamfuata DJ kabla watu hawajajaa, anafunga nyaya. Nikamweleza uzi huu, nikamuuliza anajuaje apige nini wakati ukumbi una mama wa kwaya, wazee, wanachuo na madereva wa maroli ya ndizi.

Akaniambia, "Dada, wimbo unaopendwa ndio unaovunja ukumbi. Nikipiga wa meza ya shangazi, meza ya vijana inatoka nje. Nikipiga wa vijana, akina mama wanaangalia saa. Mimi natafuta ule ambao hata asiyeutaka anaujua pa kuitikia." Akanionyesha daftari, lile dogo la kurasa 48. Upande mmoja ameandika meza: Kwaya, Wazee, Chuo, Usafiri. Upande wa pili nyimbo. Nyingi zina alama chini ya meza moja tu. Zenye alama kwenye meza zote nne zilikuwa sita. Daftari zima, sita.

Nikamuuliza hizo sita ni za aina gani. Moja ni ya kwaya, lakini ina sebene ya Kikongo mwishoni, ndefu. Mbili ni za Bongo Fleva za zamani kidogo. Moja ya Kizambia. Moja singeli. Na moja hakuiandika jina, ameandika "ile", akasema kila mtu akija kuiomba anasema tu "piga ile".

Wakati wa zawadi akaipiga "ile". Upande wa mama ukatoka na vitenge na masufuria kichwani, upande wa shangazi ukafuata na godoro, madereva wakiwa wamelishika pembe nne, na wakati godoro linapita katikati ya ukumbi wote wanacheza hatua moja. Mdogo wangu, yule wa mahafali, alikuwa amekaa karibu na mlango, kichwa kwenye simu, hedifoni moja sikioni na nyingine inaning'inia. Kiitikio kilipofika akaitikia pamoja na ukumbi mzima, kwa sauti, bila kuinua kichwa.

DJ ameniruhusu kunakili ukurasa ule na ninao hapa dukani. Wadau wa Makete, Njombe na Songea bado sijawasikia: huko kwenu, godoro likipita, wanapiga nini?